Kahawa nzito yenye ladha ya chokoleti iko hapa hapa kwetu: tujifunze kuichagua, kuipika na kuionja

Bukavu imezungukwa na kahawa, lakini asubuhi mji huu unaamka kwa chai. Ukipita mapema kwenye vibanda vya Nyawera, au kwa wamama wanaouza mandazi karibu na soko la Kadutu, utakuta termosi mbili juu ya meza. Moja ina chai ya maziwa. Nyingine ina maji ya moto tu, ya yule atakayeomba kahawa. Huyo atapewa sashe ya unga wa kuyeyuka, kijiko cha maziwa ya unga na sukari vijiko vitatu. Unga huo umetoka mbali, umepita bandari na mipaka kadhaa mpaka kufika mezani. Na safari fupi tu ya mtumbwi au ya pikipiki kutoka meza hiyo kuna miti ya kahawa: Idjwi katikati ya ziwa, Kalehe upande wa kaskazini, Kabare na Walungu karibu kabisa na mji.

Kwa sababu mara nyingi naandika habari za wakulima, watu wananiuliza swali moja. Wengi ni vijana waliosoma Kigali au Kampala, au ndugu waliorudi likizo kutoka Ulaya. Huko wamezoea espreso, kahawa nzito ya kikombe kidogo, yenye ladha ya chokoleti nyeusi, na wanataka kujua ni duka gani la Bukavu linauza kahawa ya namna hiyo. Nawajibu kwamba ipo, imelimwa hapa, na nyumba yoyote yenye mbabula na sufuria inaweza kuitengeneza. Leo nataka kueleza jibu hilo kwa urefu. Si kwa ajili ya utamu peke yake. Katika biashara ya kahawa, anayeonja ndiye anayepanga bei, na sisi watu wa Kivu kwa miaka mingi tumekuwa watu wa kubeba gunia na kupima kilo. Kuonja tuliwaachia wengine.

Tuanze na hiyo chokoleti, maana inawachanganya wengi. Hakuna mtu anayeweka kakao ndani ya kahawa. Kakao ni mti mwingine, ule unaolimwa sana upande wa Beni. Ladha ya chokoleti inazaliwa kwenye moto. Punje ya kahawa mbichi ina sukari zake na protini zake, na zikikaangwa pamoja zinageuka rangi na kutoa harufu mpya, kama vile ukoko wa mkate unavyogeuka kahawia ndani ya oveni au karanga zinavyonukia kwenye kikaango. Punje ya kakao nayo hukaangwa, na ndani yake yanatokea mambo yanayofanana na hayo. Ndiyo maana kahawa iliyokaangwa kwa kiasi na chokoleti zinakutana puani. Moto ukiwa mdogo na muda mfupi, kahawa inabaki na ukali wa matunda, kama limau au maracuja. Moto ukipita kiasi, inabaki na ladha ya makala. Chokoleti inakaa katikati, na katikati hapo ni padogo.

Na espreso ni nini? Watu wengi wanadhani ni aina ya kahawa. Espreso ni namna ya kupika. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano alipata hataza ya mashine iliyosukuma maji ya moto na mvuke kupita kwenye kahawa iliyosagwa, kikombe kimoja kimoja. Mwaka 1938 Achille Gaggia, naye wa Milano, alisajili njia yake ya kusukuma maji kwa nguvu zaidi, na kutokana na kazi hiyo likaja lile povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe. Leo mashine ya mkahawa inasukuma maji kwa nguvu ya bari 9 hivi, maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 96, kwa sekunde 25 hadi 30. Mashine hizo ni ghali na zinadai umeme usiokatika, kwa hiyo katika mitaa yetu mingi tuziache. Lakini uzito na utamu ambao watu wanautafuta kwenye espreso unatokana kwanza na kahawa yenyewe na moto wake, kisha na kiasi cha maji. Hayo yote yako mikononi mwetu.

Sasa kuchagua. Kongo ina kahawa za aina mbili. Robusta ni mti wenye asili ya misitu yetu wenyewe, unaolimwa mabondeni kwenye joto. Una kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni mkali, na Waitaliano wengi huuchanganya kidogo kwenye espreso yao ili povu liwe nene. Arabika inataka baridi na mwinuko, na hiyo ndiyo ya kwetu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yanaanzia hapo ukingoni na kupanda vilimani. Kwenye mwinuko kama huu tunda linaiva polepole, na punje inakuwa ngumu, imejaa sukari. Wenzetu wa nchi za chini wanaweza kutuonea wivu kwa hilo.

Unapokwenda kununua, usiulize bei kwanza. Uliza mambo matatu. La kwanza, imetoka wapi. Muuzaji anayesema «ni ya Kalehe» au «ni ya Idjwi, ilioshwa kwenye stasio fulani» anajua anachouza. Anayesema «ni kahawa tu» anauza mchanganyiko, na ndani ya mchanganyiko kuna ya mwaka huu na ya mwaka juzi. La pili, imekaangwa lini. Kahawa iliyokaangwa ni kama mkate, inazeeka. Ikiwa punje nzima ndani ya mkebe uliofungwa vizuri, inashika ladha yake kama mwezi mmoja hivi. Ikishasagwa, siku chache tu zinatosha kuifanya ipoe na kuwa kama vumbi. La tatu, ombā kuona punje. Usikubali kununua unga uliofungwa kama unaweza kupata punje.

Ukiziona punje, zitazame vizuri kiganjani. Kwa kahawa ya ladha ya chokoleti unatafuta rangi ya kahawia iliyokolea, iliyo sawa kwa punje zote, kavu au yenye mng'ao mdogo tu wa mafuta. Nyeusi tititi inayoteleza kwa mafuta imeungua, na mara nyingi imeunguzwa kwa makusudi, kwa sababu moto mkali unaficha makosa ya kahawa mbovu. Ikiwa baadhi ni nyeusi na nyingine zimepauka, basi aliyekaanga hakukoroga, au alichanganya kahawa mbili. Tazama pia vitundu vidogo vya wadudu na punje zilizovunjika. Vichache havina shida. Vikiwa vingi, rudisha.

Kuna kosa moja la kahawa ambalo ni la ukanda wetu, Kongo, Rwanda na Burundi, na kila mpenzi wa kahawa wa hapa anapaswa kulijua. Wanunuzi wa nje wanaliita ladha ya kiazi. Unasaga kahawa nzuri kabisa, na ghafla inatoka harufu ya viazi ulaya vibichi, vile tunavyoviita birayi, kama vile umetoka kuvimenya. Wataalamu wanaihusisha na mdudu anayeitwa antestia, anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Hakina sumu, lakini punje moja tu inaweza kuharibu kikombe kizima, na kwa macho huwezi kuitambua punje hiyo baada ya kukaangwa. Dawa ya nyumbani ni rahisi: saga kiasi cha kikombe kimoja kwa wakati mmoja, nusa kabla ya kumwaga maji, na ukisikia kiazi, tupa hicho kidogo na usage kingine. Aliyesaga kilo nzima mara moja amechanganya ile punje moja na zote.

Ukitaka kuwa na hakika ya moto, nunua kahawa mbichi ukaange mwenyewe. Kahawa mbichi inatunzika miezi mingi mahali pakavu. Miezi mikubwa ya mavuno kwetu ni kama Machi hadi Juni, na baada ya hapo kahawa mpya iliyokauka vizuri inapatikana kwa wenye vyama vya ushirika na kwa wakulima wanaoshuka mjini. Ikiwa bado iko kwenye ganda lake jembamba la manjano, itwange polepole kwenye kinu na uipepete. Chagua kwa mkono, utoe nyeusi, zilizovunjika na zenye vitundu.

Chukua kama gramu 250, si zaidi, maana sufuria iliyojaa haikaangi, inachemsha. Tumia sufuria nzito au chungu juu ya makala yaliyoshika vizuri bila miali. Koroga bila kuacha, hata kama simu inalia. Kwanza punje zinapauka, kisha zinakuwa manjano na kunukia majani makavu, halafu mkate. Baada ya dakika kama 8 au 10 utasikia mlio wa kwanza, tá, tá, kama mahindi yanayopasuka kuwa bisi. Wengi wanaogopa wanaepua hapo. Kahawa hiyo itakuwa na uchachu wa matunda, nzuri kwa anayeipenda, lakini chokoleti bado. Endelea kukoroga dakika mbili au tatu, ukipunguza moto. Rangi inakolea, moshi unaongezeka kidogo, harufu inakuwa tamu. Kisha utasikia mlio wa pili, mdogo na wa haraka, kama moto unapopita kwenye majani makavu. Ukisikia milio michache ya kwanza ya hiyo, epua mara moja. Ukingoja dakika nzima zaidi, chokoleti imekuwa makala.

Mwaga punje kwenye ungo, upepete nje penye upepo mpaka maganda yaruke na joto liishe. Usiziache zipoe ndani ya sufuria, maana zinaendelea kuiva. Ukipima tena utakuta gramu 250 zimekuwa kama 210, kwa sababu maji yametoka, kwa hiyo usimlaumu mtoto kwamba ameiba. Weka kwenye mkebe na usubiri siku mbili au tatu kabla ya kupika. Kahawa iliyotoka motoni ina gesi nyingi ndani yake na inatoa kikombe chenye povu kubwa na ladha iliyofungwa. Siku ya tatu au ya nne ndipo inafunguka.

Kusaga nako kuna busara yake. Ile mulini ya sokoni inayosaga muhogo, mahindi na pilipili si ya kahawa, kwa sababu kahawa inanyonya harufu kuliko kitu chochote jikoni. Mulini ndogo ya mkono inafaa sana. Kama huna, kinu cha vitunguu saumu hapana, tafuta kinu kingine kidogo kiwe cha kahawa peke yake, utwange kwa mipigo mifupi na kuchekecha. Kwa kahawa nzito unataka unga laini kuliko sukari ya mezani, lakini usiwe laini kama unga wa ngano.

Na sasa maji, ambako Bukavu ina bahati isiyojulikana. Vitabu vya kahawa vinavyoandikwa kwa watu wa nchi za chini vinasema: chemsha maji, kisha subiri kidogo yapoe, kwa sababu nyuzi 100 zinaunguza kahawa. Mombasa na Dar es Salaam ni hivyo. Lakini maji yanachemka mapema kadiri unavyopanda juu, na kwenye mita 1,500 hivi za mji wetu yanachemka karibu na nyuzi 95. Hilo ndilo joto lenyewe ambalo mashine za espreso zimewekewa. Sisi hatuna haja ya kipimajoto. Maji yakichemka, mimina. Yawe maji safi yasiyo na harufu ya dawa. Ukiweka dawa ya klorini, yachemshe kwanza sufuria ikiwa wazi.

Njia iliyo karibu zaidi na espreso kwa nyumba isiyo na mashine ni kafetieri ya Kiitaliano, ile ndogo ya aluminiamu yenye pembe nane, ambayo Alfonso Bialetti aliitoa mwaka 1933. Nguvu yake ni ndogo, kama bari moja na nusu, kwa hiyo haitoi povu la mkahawani, lakini kikombe chake ni kizito na kinaipenda sana ladha ya chokoleti. Haihitaji umeme, inakaa vizuri juu ya mbabula. Jaza maji ya moto chini mpaka kwenye kile kitundu cha usalama, usikipite. Jaza kahawa kwenye kichujio chake, uisawazishe kwa kidole na usiikandamize. Kwa kafetieri ya vikombe vitatu ni kama gramu 15 za kahawa. Funga, weka pembeni mwa makala, penye moto mdogo, na uache kifuniko wazi uangalie. Kahawa itapanda polepole, nyeusi kwanza, kisha rangi ya asali. Ikianza kupauka na kukoroma, epua. Yale maji ya mwisho ndiyo yanayoleta uchungu ambao watu wanaufunika kwa sukari.

Kama kafetieri haipo, tumia kitambaa safi cha pamba kilichoshonwa kama mfuko, kisichooshwa kwa sabuni yenye harufu. Weka gramu 20, yaani kama vijiko vinne vikubwa vya kahawa iliyosagwa, kwa maji mililita 200. Mimina maji kidogo kwanza ya kulowesha, subiri nusu dakika kahawa ivimbe, kisha mimina yaliyobaki polepole kwa dakika mbili au tatu. Ni nzito karibu mara mbili ya kahawa ya kawaida ya kuchuja. Kunywa kidogo kidogo, na onja kwanza bila sukari. Ukionja ukaona inahitaji kijiko kimoja, weka. Hakuna polisi wa kahawa.

Hapo ndipo watu wengi wanaishia: wamepata kikombe chao, wamefurahi. Mimi naomba twende hatua moja zaidi, tuonje kahawa mbili au tatu kwa pamoja, kwa namna ileile wanunuzi wakubwa wanavyofanya. Haihitaji chombo chochote. Unaweka gramu 11 za kila kahawa kwenye glasi yake, unamimina mililita 200 za maji yanayochemka, unasubiri dakika nne, unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua iko karibu, unaondoa povu, na ikipoa kidogo unavuta kwa kijiko kwa sauti. Adabu ya mezani tunaiweka kando siku hiyo.

Nilifanya hivyo na mama mmoja wa pwani ya Kalehe, aliyekuja mjini kumtembelea binti yake, jirani zangu wa Kadutu. Amelima kahawa tangu alipoolewa. Alileta kilo mbili za kwake kama zawadi, nikakaanga kidogo kama nilivyoeleza. Tukaweka glasi tatu: ya sashe, ile nyeusi ya sokoni, na ya kwake. Ya sashe aliitambua haraka. Ya sokoni alikunja uso. Ya tatu alivuta, akanyamaza, akavuta tena.

«Papa, hii njo ya kwetu kweli?»

«Njo yenyewe, Mama. Ile uliyoleta.»

Nilimuuliza anasikia nini. Neno chokoleti hakulitaja, na sioni kwa nini angelitaja. Alisema karanga zilizokaangwa na kuachwa zikapoa, halafu muwa, halafu kitu kama mkate ulioshika chini ya sufuria. Nilipoandika maneno hayo niliona kwamba ni maelezo mazuri kuliko yaliyo kwenye pakiti nyingi za Ulaya. Pua zetu zinajua, ila hatujaziomba ziseme. Kisha akauliza swali ambalo bado ninalo:

«Miaka yote tunauza, sikujua iko na utamu hivi. Na ule mwenye kununua, yeye anajuaka?»

«Anajua, Mama. Ndiyo maana anakuja mapema.»

Swali lake ndilo historia nzima ya kahawa ya ziwa hili. Wakati wa Wabelgiji kahawa ililimwa kwenye mashamba makubwa ya walowezi, na utafiti ukafanyika Mulungu, pale Kabare, ambako kituo cha INERA kipo hadi leo. Mwaka 1973 mashamba mengi yakabadilishwa wenyewe kwa amri ya kuyafanya ya Wazaire, na mengi yakaanguka. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unashikilia bei kwa kugawa mafungu ukavunjika, bei ikaporomoka. Zikaja vita, kuanzia mwaka 1996. Stasio za kuosha zikafa, barabara zikafa, wanunuzi wakatoweka. Mkulima akabaki na gunia lake na ziwa mbele yake.

Ng'ambo kulikuwa na Rwanda, iliyokuwa imejenga stasio na ilikuwa inalipa. Basi watu wakavusha kahawa usiku, kwa mitumbwi, ili kukwepa ushuru na askari. Ziwa Kivu usiku linapokasirika halina huruma kwa mtumbwi uliojaa magunia. Wengi hawakufika. Kuna vijiji vya ukingo wa Kalehe na Idjwi ambako ukiuliza habari za kahawa, mjane ndiye anayekujibu. Waliobahatika kufika waliuza kwa bei ya mtu asiye na pa kwenda, na kahawa yao ikaendelea na safari bila jina la mahali ilipotoka.

Kilichoanza kubadili mambo ni watu kujipanga na kuosha kahawa yao wenyewe. SOPACDI ilianzishwa na Joachim Munganga, upande wa Minova. Muungano ikafuata mwaka 2009 katika Kalehe. Idjwi nayo ina vyama vyake. Wakajenga stasio ambako tunda jekundu linapokelewa siku ileile linapochumwa, linamenywa, linachachushwa, linaoshwa na kuanikwa kwenye vitanda vya waya. Kahawa ya ziwa hili ikaanza kuonekana Ulaya na Marekani kwa jina lake, Kivu. Na hapa Bukavu yamefanyika mashindano ya Saveur du Kivu, ambapo waonjaji, Wakongo na wageni, wanakaa meza moja na kutoa alama kwa kahawa za vyama vyetu. Kahawa ikifika alama 80 kwa 100 inahesabiwa kuwa ya daraja la juu, na bei yake inaweza kuachana na ile ya soko la dunia.

Nimewaona vijana wa Kongo, wasichana na wavulana, wakivuta kijiko kwenye meza hizo kwa sauti kubwa na kuandika alama zao bila kutazama daftari la mgeni. Mwenye kujua kwamba gunia lake lina alama 85 hauzi kama mwenye kujua kwamba lina kilo 60. Huyo wa pili anaambiwa bei. Wa kwanza anaweza kusema hapana na kusubiri mnunuzi mwingine.

Lakini vyama vya ushirika vinauza nje karibu kila kilicho kizuri, na sisi wa mjini tunabaki na masalio na sashe. Mpaka ukifungwa, barabara ikikatika, uwanja wa ndege ukinyamaza, na hayo yote tunayafahamu, kahawa nzuri inakaa ghalani inazeeka wakati mji wenye watu wengi kama huu uko saa chache tu kutoka hapo. Soko la nyumbani haliwezi kununua kontena. Linaweza kununua kilo moja moja, kwa familia nyingi, mwaka mzima, bila visa na bila mtumbwi wa usiku. Ili soko hilo liwepo, lazima kwanza tuwe na watu wanaotofautisha kahawa iliyochumwa nyekundu na iliyochumwa mbichi, iliyokaangwa na iliyounguzwa.

Yule mama alirudi Kalehe na kitu kimoja kutoka kwangu, mulini ndogo ya mkono. Binti yake ananiambia kwamba sasa, kabla ya kupeleka gunia, anakaanga punje chache kwenye kikaango chake na kuonja pamoja na majirani. Wameanza kutenga matunda mekundu na yale ya kijani, kila moja kikapu chake, na mnunuzi alipokuja walimpa kahawa anywe kwanza, ndipo wakazungumza bei. Alishangaa kidogo, binti anasema, lakini alikunywa.